Mbele simba, nyuma tezi: maswali yenu kuhusu ngao ya Sandwich

Haya jamani. Mara iliyopita niliwaonyesha ngao ya mji wa Sandwich, yaani nembo yake, bandari ndogo iliyoko Kent, kusini mashariki ya Uingereza, nikaielezea kwa mistari michache nikidhani inatosha, kumbe nimechokoza nyuki, maswali yamekuja mengi mpaka nimeona bora niyajibu kwa pamoja. Kwa ambaye hakuiona: ni ngao iliyogawanywa katikati toka juu mpaka chini, nusu nyekundu nusu buluu, na ndani yake kuna simba watatu wa dhahabu wamepangwa mmoja juu ya mwenzie. Kila simba ana kichwa, manyoya ya shingoni, kifua na miguu ya mbele, ila ukifika kiunoni simba anakwisha inaanza meli. Yaani hakuna mgongo wa nyuma wala mkia, ni mbao za meli kabisa. Maswali nimeyafupisha kidogo, mnisamehe.

Kutoka Tanga: Hicho kidude ni jini la bahari, nguva dume au nini? Nimetafuta jina lake sijalipata.

Hulipati kwa sababu hana jina, na hana jina kwa sababu sio mnyama. Hapo unaangalia ngao mbili tofauti, kila moja imekatwa katikati, alafu nusu ya hii ikaungwa na nusu ya ile. Ngao ya kwanza ni ya mfalme wa Uingereza, simba watatu wa dhahabu kwenye uwanja mwekundu, na ya pili ni ya watu wa bahari, meli tatu kwenye uwanja wa buluu. Basi ukiziunga ndo unapata hiyo, simba ana rangi yake na uwanja wake na meli ina rangi yake na uwanja wake, ila mchoraji amezigusanisha vizuri pale katikati mpaka jicho linaona kiumbe kimoja.

Karne ya 13 hivyo ndivyo walivyokuwa wakiunganisha hata nembo za mume na mke, ya bwana inakatwa na ya bibi inakatwa zinaungwa. Shida yake ilionekana mapema, ukikata nembo nusu mara nyingi haijulikani tena ni ya nani, kwa hiyo baadaye wakaacha kukata wakawa wanazibana tu ngao zote mbili nzima nzima zikae ubavu kwa ubavu. Miji ya bandari ndo iliyobaki na ule mtindo wa zamani na mi nashukuru walibaki nao, maana kwangu hii ni picha ya ndoa, na nimeanza na hili kwa sababu ukilielewa hili mengine yote yatakuja yenyewe. Mfalme upande mmoja, mji upande mwingine, na hakuna aliyeingia mzima.

Alafu angalia nani kakaa wapi. Wewe unaona simba wako kushoto, lakini ngao husomwa kwa upande wa yule aliyeishika, kwake yeye simba wako kulia, na kulia ndo upande wa heshima.

Kutoka Mombasa: Mimi ni mtu wa vyombo. Mbona imebaki tezi tupu, omo imekwenda wapi?

Swali hili nimelipenda kuliko yote, na nimefurahi limetoka kwa mtu anayejua tezi, yaani nyuma ya chombo, na omo, yaani mbele yake. Marehemu babu yangu alikuwa baharia wa majahazi na kitu cha kwanza alichotufundisha ni kwamba chombo husomwa kuanzia omo, omo ndo inayokata maji, ndo inayofika kwanza, ndo inayopigwa na wimbi. Sasa kwenye ngao hii mahali pa omo pamekaliwa na simba. Kwa hesabu ya kukata tu jibu ni jepesi, simba wanakuja upande wa kwanza kwa hiyo nusu yao ya mbele ndo inabaki, na meli ziko upande wa pili kwa hiyo nusu yao ya nyuma ndo inabaki. Lakini angalia imetokea nini bila mtu kupanga: mfalme ndo uso, ndo kucha, ndo anayeogopwa, na mji ndo tezi, kule kunakokaa nahodha na usukani. Mi nikiitazama najiambia hao watu walijua kabisa chombo kinaongozwa kutoka wapi.

Meli nzima pia ipo, ila sio kwenye ngao, ipo kwenye muhuri. Kabla miji haijawa na ngao ilikuwa na mihuri, ile ya kubonyeza kwenye nta na kuning'iniza kwenye hati, na muhuri wa Sandwich wa karne ya 13 ni moja ya picha ambazo watu wa historia ya meli huzirudia rudia. Meli ya mlingoti mmoja, omo na tezi zote zimepanda juu, mabaharia wako kule juu kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, wanakunja tanga, na katikati ya chombo kimepakiwa kimashua kidogo, yaani ile hori ya kushukia pwani. Kitu chenyewe ni cha ukubwa wa kiganja tu lakini ukikikaribia unaona mpaka mtu anavyojikunja kwenye mti ili asianguke. Aliyechonga muhuri ule alishawahi kuona tanga likikunjwa, hilo mi sina shaka nalo.

Kutoka Dodoma: Simba Uingereza wametoka wapi? Si wangeweka hata ng'ombe.

Simba wa porini hawakuwa nao, lakini walimjua kutoka kwenye maandiko ya dini na kwa wafalme, kwa wafalme wa Ulaya simba ilikuwa alama ya ukubwa hata kwa aliyekuwa hajawahi kumwona. Idadi ya watatu inaonekana imetulia kwenye muhuri wa mfalme Richard wa Kwanza wa mwaka 1198, tangu hapo ndo hao hao.

Kuna jambo moja litawashangaza. Wataalamu wa nembo wa zamani, waliokuwa wakitumia Kifaransa, simba anayetembea huku kakugeuzia uso walikuwa hawamwiti simba, walimwita chui. Simba kwao alikuwa yule aliyesimama kwa miguu ya nyuma akaonekana ubavuni tu. Kwa hiyo ukikuta kitabu cha zamani kinasema chui wa Uingereza usifikiri wamekosea mnyama, ni hawa hawa wa Sandwich. Mwaka 1235 kaizari Frederick wa Pili alimpelekea mfalme Henry wa Tatu zawadi ya chui watatu hai, wakafugwa kwenye ngome ya London, na hiyo zawadi ilikuwa inaisema nembo yake waziwazi.

Kutoka Bagamoyo: Umesema ni ndoa. Basi mahari ilikuwa nini? Mji ulitoa nini ukapata nini?

Hapa ndo penyewe, nivumilieni kidogo maana nataka niliseme lote.

Uingereza ya zamani mfalme hakuwa na jeshi la majini. Hakuwa na meli za kutosha za kwake. Akitaka kuvuka kwenda Ufaransa au akisikia maadui wanakuja ilibidi awategemee wavuvi na wafanyabiashara wa upande ule wa pwani ulio karibu na Ufaransa, ambapo siku ya hewa safi ukisimama juu ya majabali ya Dover unaiona ng'ambo kwa macho. Hapo kulikuwa na bandari 5 zilizofungamana, Hastings, New Romney, Hythe, Dover na Sandwich, baadaye wakaongezeka Rye na Winchelsea, na chini yao vimiji vingine vingi kama matawi. Huo umoja mpaka leo kwa Kiingereza unaitwa Cinque Ports, maana yake Bandari Tano, na ile nusu simba nusu meli ndo alama ya umoja wao, Sandwich ni mmoja wao tu.

Makubaliano yalikuwa hivi. Kila mwaka mfalme akiita, bandari zinatoa meli 57, kila meli ina watu 21 na mvulana mmoja, wanamtumikia siku 15 kwa gharama zao wenyewe, chakula chao, kamba zao, matanga yao. Zikipita siku 15 kama bado anawataka basi kuanzia hapo analipa yeye. Hastings na Dover walikuwa wanatoa meli 21 kila mmoja, na Romney, Hythe na Sandwich meli 5 kila mmoja. Piga hesabu, meli 57 mara watu 22 ni watu 1,254, sasa fikiria vimiji vya wavuvi vinatoa watu hao wote kwa mkupuo, nyavu zinabaki zimeanikwa, wanawake na wazee wanabaki wanaangalia upeo wa macho. Na jambo lenyewe lilikuwa la zamani, kile kitabu kikubwa cha hesabu za mali kilichoandikwa 1086 tayari kinaitaja Dover ikitoa meli 20 kwa siku 15 na watu 21 kwa kila meli. Kitabu hicho hicho kinasema Sandwich ilikuwa inawalipa watawa wa Canterbury samaki aina ya heringi 40,000 kwa mwaka, kwa hiyo mjue kabisa ulikuwa mji wa namna gani, mji unaonuka samaki.

Na wao walipata nini? Walipata kitu ambacho kwa enzi hizo kilikuwa kikubwa kuliko dhahabu, walipata kuachwa. Kodi kadhaa za mfalme hawalipi, wakipeleka bidhaa kwenye masoko ya miji mingine ushuru hawatozwi, kesi zao wanajihukumu wenyewe kwenye baraza lao, mali iliyopotea ikaokotwa pwani au kuelea baharini baada ya meli kuvunjika ni yao. Hati ya mfalme Edward wa Kwanza ya mwaka 1278 ndo iliyowafunga wote pamoja kwa maandishi. Na juu ya hayo kulikuwa na heshima, wakubwa wa bandari hizi waliitwa mabaroni, na siku mfalme anatawazwa wao ndo walioshika kitambaa cha kivuli juu ya kichwa chake, kimebebwa kwa fimbo za fedha zenye vikengele, sherehe ikiisha kitambaa, fimbo na vikengele vyote ni mali yao wanakwenda navyo nyumbani. Mara ya mwisho kukibeba ilikuwa 1821, ila mpaka kwenye kutawazwa kwa mfalme Charles mwaka 2023 mabaroni wa bandari hizi walialikwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia nembo ni urembo tu mi huwa namwonyesha ngao hii. Huu ni mkataba. Mvuvi ambaye hajui kusoma herufi hata moja alikuwa akiona ile picha juu ya lango la mji anajua yeye anadaiwa nini na mfalme anadaiwa nini, nusu kwa nusu.

Kutoka Nairobi: Naona unawasifu sana. Hawa si walikuwa maharamia tu wa mfalme?

Sikatai. Mabaharia wa bandari hizi walikuwa na sifa mbaya, meli ya mfanyabiashara ikipita karibu bila ulinzi walikuwa hawaulizi ni rafiki au adui. Walikuwa na ugomvi wa miaka mingi na watu wa Yarmouth, mji wa heringi kule kaskazini, kwa sababu ya soko la samaki, na mwaka 1297 mfalme alipowapeleka wote pamoja Flanders, Ubelgiji ya leo, kupigana vita yake, walipofika wakaacha adui wakashikana wao kwa wao, meli nyingi za Yarmouth zikachomwa moto huku mfalme yupo hapo hapo. Na hayo mambo ya kujihukumu wenyewe nayo yalikuwa na upande wake wa kutisha, desturi za Sandwich zilizoandikwa mwaka 1301 zinasema mtu akipatikana na hatia ya kuua anazikwa akiwa hai. Siyaandiki haya kuwasafisha. Ninachokipenda ni kwamba makubaliano yale yalikuwa ya pande mbili na kila upande ulikuwa na cha kupoteza, maana wafalme wengi wa enzi zile walichukua tu.

Kutoka Zanzibar: Sandwich hii ndo sandwichi ya kula?

Ndiyo, ila kwa kuzunguka. Mwaka 1660 kamanda wa meli Edward Montagu alimrudisha mfalme Charles wa Pili kutoka uhamishoni, akapewa cheo cha ukoo, Earl, akachagua jina la mji huu. Mtoto wa kitukuu chake, Earl wa nne wa Sandwich, ndo yule ambaye karne ya 18 jina lake liliingia kwenye nyama iliyobanwa na mikate miwili. Mji wenyewe haukubuni mkate wowote, na jina lake maana yake ni soko la mchangani, kwa hiyo wewe mtu wa Unguja ungeuita Mchangani na usingekosea.

Kutoka Lindi: Kuna mji mwingine wenye nembo iliyokatwa hivyo au ni hao tu?

Wapo. Hastings kwanza, ukiiangalia ngao yao haraka utadhani ni ile ile ya Sandwich, ila hesabu vizuri: wa juu nusu simba nusu meli, wa chini nusu simba nusu meli, wa katikati simba mzima mpaka mkia. Hastings ndo huhesabiwa mkubwa wa bandari hizi. Dover hawafuati kabisa, wao wana Mtakatifu Martin juu ya farasi anakata joho lake kumpa maskini nusu, nayo pia ni habari ya kukata nusu kwa nusu lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Inayonifurahisha zaidi ni ya hao hao mahasimu wao, Great Yarmouth. Ngao yao ya zamani ilikuwa heringi watatu wa fedha kwenye uwanja wa buluu. Heringi ni jamaa wa dagaa wa Kigoma ila mkubwa, unamshika mkono mzima. Mapokeo ya mji yanasema baada ya vita ya majini ya Sluys mwaka 1340, ambayo meli za Yarmouth zilimsaidia sana Edward wa Tatu, mfalme aliwaruhusu waunge simba zake na samaki wao. Basi leo ngao yao ni simba watatu, kiuno kwenda mbele simba, kiuno kwenda nyuma mkia wa samaki. Watu wanacheka wakiiona, mi sicheki, maana miaka saba baadaye kwenye kuzingirwa kwa Calais kule Ufaransa Yarmouth ilitoa meli 43 na London ilitoa 25.

Kutoka Kigamboni: Nimeangalia ramani, Sandwich haiko baharini! Umetudanganya au?

Sijawadanganya, bahari ndo iliyoondoka. Zamani kati ya bara na kisiwa cha Thanet kulikuwa na mkondo wa maji unaoitwa Wantsum, meli zinapita humo, na Sandwich ilikaa kwenye mdomo wake mahali pazuri kabisa, upepo haukufikii na nanga inashika. Mkondo ukaanza kujaa mchanga na tope, mwaka hadi mwaka, mto Stour unaleta tope lake na bahari inarudisha mchanga wake, watu wanakwenda kulalamika kwa mfalme, inapangwa mipango ya kuchimba mfereji, hela hazitoshi, huku meli zenyewe zinazidi kuwa kubwa na kina kinazidi kupungua. Thanet bado inaitwa kisiwa lakini saa hizi unafika huko kwa gari bila kuvuka bahari yoyote. Mji uko kama kilomita 3 kutoka ufukweni, watu kama elfu 5, na gati ipo bado, kando ya mto.

Na sio Sandwich peke yake. New Romney dhoruba ya mwaka 1287 iliuhamisha mto kabisa, watu walilala na bandari wakaamka na matope, na Winchelsea ya zamani ilimezwa na maji ikabidi mji ujengwe upya kilimani. Wakati huo huo wafalme wakaanza kujenga meli zao za vita, Henry wa Nane akaweka jeshi la majini la kudumu, basi zile meli 57 za wavuvi hazikuitwa tena kama zamani. Sandwich iliokolewa na wageni: mwaka 1561 malkia Elizabeth wa Kwanza aliwaruhusu Waflandria waliokimbia mateso ya dini wahamie pale, wakaja na ufumaji wao na kilimo cha mboga, na ukitembea mitaa ile leo unaona mapaa yao yenye ncha za ngazi ngazi.

Niliwahi kupanda boti pale gatini kwenda mpaka mto unapokutana na bahari. Nilifikiri ni safari ya dakika chache. Mto unajikunja, unarudi ulikotoka, unaangalia nyuma bado unauona mnara wa kanisa la mjini, unapinda tena, mnara uko upande mwingine, pande zote mbili tope linang'aa na ndege wanalidonoa, na nikawaza nahodha wa zamani aliyejaza shehena ya sufu anavyosubiri maji yajae, anavyoangalia kina kwa mti, anavyoomba asikwame. Tulipofika mdomoni sili, wale wanyama wa baharini, walikuwa wamelala kwenye kingo wanaota jua. Nikageuka nikatazama mji, siuoni.

Kwa hiyo zile tezi tatu kwenye ngao ni meli za bandari ambayo meli kama zile haziingii tena, na hakuna aliyependekeza kuzifuta.

Kutoka Morogoro: Nimesikia meya wao anavaa joho jeusi kama msiba. Kweli?

Kweli, na ni msiba kweli. Mameya wengi Uingereza huvaa joho jekundu. Mwezi wa Agosti 1457 Wafaransa kama elfu 4 chini ya Pierre de Brézé walishuka Sandwich, wakaupora mji wakauchoma, wakamuua meya John Drury. Tangu hapo meya wa Sandwich huvaa jeusi. Miaka zaidi ya 560, kila anayechaguliwa anarithi matanga ya mtu ambaye hajui hata sura yake. Mi nilipolisikia mara ya kwanza nililia kidogo, sijui kwa nini, labda kwa sababu kwetu pia kuna misiba ambayo haikuwekewa hata kitambaa.

Na jambo moja la kuangalia, ngao yenyewe haikubadilishwa. Hawakuchora moto, hawakuchora upanga. Msiba waliuweka kwenye joho na mkataba wakauacha kwenye ngao.

Kutoka Arusha: Naruhusiwa kuichapa kwenye tisheti niuze?

Usifanye hivyo bila kuomba ruhusa kwa baraza la mji. Uingereza ngao ni mali ya mwenyewe, mtu au mji, na zinasimamiwa na chuo cha nembo cha London kilichopewa hati yake mwaka 1484. Kuna hata mahakama yake maalum ya nembo, ilikuwa imelala zaidi ya miaka 200 mpaka mwaka 1954 halmashauri ya Manchester ilipoishtaki kampuni ya ukumbi mmoja wa maonyesho kwa kutumia ngao ya jiji, na halmashauri ikashinda. Kupiga picha ya kumbukumbu ni sawa, kuitumia kama nembo ya biashara yako ni kesi.

Kutoka Muscat: Nitakuwa London mwezi ujao na watoto. Nikienda Sandwich nianzie wapi?

Shikamoo mama, na karibu. Treni zipo kutoka London, inachukua chini kidogo au zaidi ya saa moja na nusu kutegemea na treni. Ukifika anza kwenye lile lango la darajani linaloitwa Barbican, limejengwa kwa mawe meupe na meusi kama ubao wa drafti, watoto watalipenda. Hapo palikuwa pa kulipia ushuru wa kuvuka daraja, na ushuru ule uliendelea kukusanywa mpaka 1977. Alafu fuata gati uone lango la Fisher Gate la mwaka 1384, ndo lililobaki la zamani kabisa upande wa mto, pita chini yake taratibu, hapo ndo wavuvi walipokuwa wanaingizia samaki.

Kisha nenda Guildhall, baraza la mji lililojengwa 1579. Kwenye makumbusho yake kuna hati ya Magna Carta ya mwaka 1300, ile hati maarufu ya haki iliyombana mfalme, ambayo hakuna aliyejua kwamba mji unayo mpaka ilipotangazwa mwaka 2015 kwamba imekutwa ndani ya kitabu cha kubandikia makaratasi cha karne ya 19 kwenye hifadhi ya nyaraka za Kent, imeliwa na unyevu karibu theluthi nzima. Pamoja nayo ilikutwa hati ya misitu ya mwaka huo huo. Waonyeshe watoto pale ilipochanika.

Na ukipita mjini wape kazi ya kuhesabu, kila watakapoiona ngao ya simba na meli wapige kelele. Ila waambie wakague kila mara simba wa katikati. Akiwa mzima, hiyo ni ya Hastings, sio ya Sandwich.